Jinani ya Bi Radhiya

Bi Radhiya alikufa Jumatatu baada ya adhuhuri, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kofia ambayo hakuimaliza. Kufika Jumatano asubuhi mtaa wa Langoni ulikuwa na swali moja tu. Si nani atairithi nyumba, maana nyumba ilikuwa ya Razan, binti yake wa pekee, na hilo lilijulikana hata na paka wa Amu, kisiwa chetu cha Lamu. Swali lilikuwa hili: nani atamtilia Bi Radhiya jinani?

Razan aliulizwa mlangoni, akaulizwa jikoni, akaulizwa na mwanamke aliyekuja kurudisha sinia. Kila aliyeuliza alimtazama yeye. Naye hakuwa na jibu, na hitma ya siku ya tatu ilikuwa jioni hiyo baada ya alasiri.

Jinani ni pepo. Ukisema hivyo umesema kweli, lakini hujasema kitu. Sokoni hutalisikia neno hilo. Mtu akifa, majirani humwombea Mungu amlaze peponi, wakaishia hapo. Jinani ni neno la mashairi. Limetoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya bustani, tena si bustani moja bali nyingi, na watunzi wa visiwa hivi wamelipenda tangu zamani kwa sababu linakaa vizuri mwisho wa mstari, laini, halimkwazi msomaji. Wengine hulitia ovyo, kama mpishi anayedhani sukari itaficha chai iliyoungua. Bi Radhiya hakuwa mmoja wao, na kama ungelitia ovyo mbele yake, angekutazama juu ya miwani mpaka ujione mdogo.

"Peponi mtu huingia," alikuwa akimwambia Razan huku akishona. "Jinani mtu hupanda. Bustani haimei kwa yenyewe, mwanangu. Sasa mimi nimuombee mtu bustani, na siyui kapanda nini?"

Basi kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa na utaratibu wake. Mtu wa mtaa akifa, siku ya tatu, wanawake wakishamaliza hitma, Bi Radhiya alisema mistari minne. Si zaidi. Ndani ya mistari hiyo mlikuwa na jambo moja jema ambalo marehemu alilitenda, na jambo hilo lilikuwa na masharti mawili: liwe limeonwa na mtu kwa macho yake, na marehemu mwenyewe asiwe amelitangaza. Mwisho wa mstari wa nne ndipo likaja neno. Halikuwa hukumu, lilikuwa ombi. Pepo ni ya Mwenyezi Mungu, alisema, yeye ni mwombaji aliyesimama mlangoni, na mwombaji mwenye adabu haendi mikono mitupu.

Alipokufa Bwana Khatib, mwenye majumba manne ya kupangisha, wanawe walimletea Bi Radhiya orodha. Kisima alichochimba Mkokoni. Mazulia ya msikiti.

"Kisima kina ina lake?" aliuliza Bi Radhiya.

"Kina, Bi Radhiya. Jina lake liko kwenye kibao kikubwa."

"Basi kishanena. Nitafutiani kisichonena."

Hawakukipata. Alikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa goti lake bovu, siku mbili nzima, mpaka akafika kwa dobi. Dobi akamwambia kwamba kila Ramadhani mifuko ya kanzu za Bwana Khatib ilijaa kokwa za tende. Alikuwa akiziokota mlangoni pa msikiti baada ya futari, mzee wa miaka themanini, kainama, ili wanaotoka peku wasizikanyage. Bi Radhiya alirudi nyumbani anacheka na machozi yanamtoka. Mistari ile minne watu wa Langoni wanaijua mpaka leo, na kisima hakimo.

Sharti la tatu lilikuwa kali kuliko yote. Neno lile halikutiwa kwa mtu aliye hai. Mabibi harusi waliomba, wakabembeleza, wakaleta halua. Akawajibu kwamba hawezi kumvika bibi harusi jinani leo, na kesho akamsikia anagombana na mavyaa wake mpaka baharini kunasikika. "Alo hai bustani yake haiyafungwa mlango," alisema. "Huenda akatia mbuzi."

Ndiyo maana yaliyotokea miaka mitatu iliyopita yalimuumiza kiasi kile. Razan aliyaona yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimrekodi mama yake kwa simu na kuituma sauti kwenye kundi la mtaa. Mama alitunga, binti alituma. Wenye watoto Mombasa na Maskati walikuwa wakiisikiliza kabla sinia za hitma hazijaoshwa.

Mwanzo wake ni Bwana Jeilani wa punda. Huyu alikuwa jirani, nyumba ya tatu, mtu aliyebeba mawe na mchanga wa kujengea kutoka ufukweni mpaka ndani ya mitaa, kwa punda wanne. Na ulimi alionao, afadhali teke la punda. Hakusalimu. Ukimsalimu, alikujibu kana kwamba umemkanyaga. Aligombana na imamu kuhusu jua, na sijui mtu anagombana vipi kuhusu jua, lakini yeye aliweza. Mkewe alikwishamwacha zamani, na mtaa ulimhesabia mke yule busara.

Jumamosi moja Bwana Jeilani alifunga safari kwenda Mkokoni, ng'ambo ya pili, kununua punda jike. Alimwachia punda wake kijana wa kazi aitwaye Dawud. Alhamisi yake simu ilipigwa Shela, kwa Ummu, dada wa Bwana Jeilani. Mtu wa Mombasa akamwambia kwamba Jeilani wa Lamu amefia hospitali huko, na kwa kuwa maiti hangojwi, ameshazikwa. Simu ya Bwana Jeilani haikupatikana. Ummu alilia, kundi la mtaa likajaa inna lillahi, na Dawud akaona kazi imekufa pamoja na mwenyewe, akapanda boti akaenda zake.

Hakuna aliyekuwa na shaka. Kwetu mtu hufa asubuhi akazikwa adhuhuri. Nani angengoja kumwona uso?

Bi Radhiya akavaa buibui akaenda kutafuta. Alianza kwa Ummu.

"Nipe yambo moya, mwanangu. Dogo tu."

Ummu alifikiri muda mrefu, kisha akasema, "Ndugu yangu alikuwa... hapendi kelele."

Aliuliza fundi wa mlango, akaambiwa Bwana Jeilani alimwita mwizi. Aliuliza muuza mahamri, akaambiwa hajawahi kusema hamri ni tamu. Nyumba saba, nyumba kumi. Asubuhi mbili mfululizo alitoka mapema sana, mara tu baada ya alfajiri, akarudi jua limepanda, na Razan aliona upindo wa buibui umelowa.

"Umekwenda wapi, Mama?"

"Kunyoosha goti," alisema, akashika kofia yake.

Jumamosi, siku ya hitma, bado hakuwa na kitu. Ummu alikuja kutoka Shela, macho yamevimba, akamshika mkono. "Bi Radhiya, ndugu yangu atakuwa wa kwanza kukosa?" Bi Radhiya alimkalisha mkekani, akampa kahawa.

Ndipo alipobisha mwalimu Cherotich, mwenyeji wa Bomet, aliyepanga chumba cha juu kwa jirani. Alikuwa amekuja kutoa pole tu. Bi Radhiya, kwa mazoea kuliko kwa tumaini, akamuuliza.

"Huyo mzee?" Cherotich alisema. "Ndio, namjua. Nilikuwa hapa wiki ya tatu wakati mama yangu alifariki huko nyumbani. Sikujua mtu. Nilibeba sanduku mpaka kwa njia, nikashindwa, nikakaa chini nikalia. Huyo mzee akalichukua bila kuniuliza, akaliweka juu ya punda. Alisimama na mimi jetini mpaka boti ikaondoka. Nikamwambia narudi Jumanne. Lakini nikachelewa, nikarudi Alhamisi. Mtu wa boti akaniambia, mwalimu, yule mzee wa punda amekuja jana na juzi na leo, anauliza kama umefika. Akanibebea sanduku mpaka mlangoni."

"Akakwambiaje?"

"Hakuniambia kitu. Na tangu siku hiyo hajanisalimia."

Bi Radhiya alifunika uso kwa mikono. Alipoifunua alikuwa anang'aa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga vikombe alinong'ona kwamba jinani itashuhudiwaje na mtu asiye wa dini yetu. Bi Radhiya akamsikia. "Nimemuuliza alichoona," alisema. "Sikumuuliza asalipo."

Jioni ile alisema:

Jeilani mwenye punda,
mgeni alomlinda,
siku tatu alokwenda,
mpe mti wa jinani.

Wanawake walilia, hata wale waliowahi kutukanwa naye. Razan alituma sauti. Siku mbili baadaye haikuwako simu Amu isiyokuwa nayo, na watu walianza kumkumbuka Bwana Jeilani kwa upole ambao angeukataa vikali kama angekuwepo.

Basi akawepo.

Siku ya nane baada ya hitma, saa nne asubuhi, Bwana Jeilani alishuka ufukweni na punda jike mmoja na mwana wake mwenye miguu mirefu isiyojua pa kusimama. Punda yule alikuwa karibu kuzaa alipomnunua, akakataa kumsafirisha, akalala naye zizini Mkokoni mpaka akazaa salama. Simu yake ilianguka majini siku ya kwanza. Aliyefia Mombasa alikuwa Jeilani mwingine, wa Chundwa, masikini ya Mungu, ambaye aliwahi kuchunga punda Lamu. Muuza kahawa alipomwona akaangusha birika. Mtu mmoja mzima alijifungia chooni akisoma Ayatul Kursi. Bwana Jeilani aliwatazama wote akauliza wamelewa nini.

Mpaka adhuhuri alikuwa ameshasikilizishwa mistari ile kwenye simu saba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na mtu akitaka kujua mji mwema una sumu kiasi gani, na angoje mtu mwema akosee. Bwana Idarus, ambaye mama yake alitiliwa jinani mwaka uliotangulia, alituma ujumbe kwenye kundi. Neno walilopewa wazazi wetu, alisema, sasa kapewa mtu anayekula na kunywa, tena Jeilani. Thamani yake i wapi? Wengine wakaongeza. Kuna aliyeandika kwamba Bi Radhiya amezeeka. Razan alitaka kuwajibu wote, mmoja mmoja, kwa majina ya babu zao.

"Wate," alisema mama yake, akimwashiria aiweke simu chini. "Kweli nimekosea." Alikuwa na kofia mapajani na hakuwa anashona. Siku mbili hakushona, naye alikuwa mtu aliyeshona hata akiwa na homa. Razan aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Siku ya tatu Bwana Jeilani alikuja. Hakubisha hodi, alikaa tu dakani, kwenye kibaraza cha ndani ya mlango, akakohoa. Bi Radhiya alitoka akakaa upande wa pili, na Razan akasimama nyuma ya pazia, kwa sababu ni binadamu.

"Wasema utaliondoa neno," alisema Bwana Jeilani.

"Ni lazima niliondoe. U hai."

"Nami sikutaka kufa ili nipewe." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Bi Radhiya, mimi nina miaka sitini na mbili. Sikuyua kwamba kuna mtu aliona. Nimeisikiza usiku na mtana. Usinipokonye."

Bi Radhiya alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso.

"Na lingine," Bwana Jeilani aliendelea, kwa ukali wake wa kawaida, kana kwamba amejikuta mtupu akavuta nguo. "Dawud kakimbia siku ile ya habari. Ummu anena hakuya, alidhani majirani wanakuya. Majirani wanena walidhani ni Ummu. Punda wangu nimewakuta wamenenepa. Siku zote hizo ni nani alowapa punda wangu mayi?"

"Waulize punda," alisema Bi Radhiya, akainuka, akaingia ndani.

Ijumaa aliwakusanya wanawake. Alimwambia Razan arekodi, naye akarekodi. "Nilimtilia Bwana Jeilani jinani naye yu hai," alisema. "Makosa ni yangu, si ya neno. Nimeliondoa. Lakini sikukosea mti, nilikosea wakati. Mti ni wake na shahidi wake yupo. Nimeuweka kitaluni. Siku yake ikifika utatolewa ukapandwe. Na mpaka siku hiyo, mwenyewe na aumwagilie mayi." Hakuomba radhi mara mbili, wala hakumtaja Bwana Idarus. Jioni yake Bwana Idarus alifuta ujumbe wake bila kusema kitu, jambo ambalo kwa Bwana Idarus ni sawa na kupiga magoti.

Na Bwana Jeilani? Hakugeuka malaika, tusidanganyane. Aliendelea kugombana na imamu. Lakini Razan alimwona mara nyingine akisimama kwenye njia nyembamba, punda wamebanwa nyuma yake, akingoja bibi kizee apite kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba yai.

Bi Radhiya aliishi miaka mitatu zaidi, akatunga, akashona. Siku moja Cherotich alimuuliza, kwa mzaha, ni nani atakayemtafutia yeye shahidi. Bi Radhiya alicheka. Akasema kama hakuna aliyeona, basi hakuna kilichopandwa, na asitiliwe neno la huruma. Razan alimsikia, na sasa, Jumatano hii, alitamani asingalisikia.

Maana alikuwa amezunguka tangu juzi. Kila nyumba ilimpa sifa za mama yake kwa mikono miwili, na hakuna hata moja iliyofaa. Alitunga mashairi, walisema. Aliwatilia wafu wetu jinani. Alishona kofia ambazo hazijulikani ndani wala nje. Hayo yote yalikuwa na kibao chake. Yalikuwa kisima cha Bwana Khatib. Ummu alilia. Cherotich alisema Bi Radhiya alimkaribisha kula kila Idi, lakini hilo nalo mtaa mzima ulilijua, maana mtaa mzima ulikuwa umealikwa.

"Lisemwe tu," Ummu alimwambia. "Nani asiyeyua kwamba mamako ni mtu mwema? Nani atakayekulaumu?"

Hakuna ambaye angelaumu. Ndicho kilichomuuma Razan. Angeweza kusema mistari minne mizuri, watu wangelia, na neno lingekaa mwisho wa mstari laini kama kawaida. Mama yake peke yake ndiye angeinua miwani. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Na mama yake, aliyewatafutia wenzake vitendo kwa miaka thelathini, alikuwa amevificha vyake vizuri mno.

Hitma ikasomwa. Juzuu zikafungwa, dua ikapita, ubani ukazunguka. Kisha kukawa na ule ukimya ambao kwa miaka yote ulikuwa wa Bi Radhiya. Wanawake walimtazama Razan. Razan alitazama mkeka.

"Sina shahidi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Mama alisema asitiliwe bila shahidi. Nisameheni."

Mtu mmoja akavuta kamasi. Nje, kwenye njia, zilisikika kwato, kisha zikasimama, kisha kikohozi dakani ambacho Langoni nzima inakijua.

"Nyuwi mulioko ndani," alisema Bwana Jeilani nyuma ya pazia. Salamu hakutoa. "Mwamtafuta shahidi wa Bi Radhiya, na mimi hamkuya kuniuliza. Nyumba ya tatu. Siku mbili nangoja mlango ubishwe. Au mwaniogopa?"

Walikuwa wanamwogopa, ilikuwa kweli, na Razan alihisi uso unamwaka moto. Nyumba zote alizopita, ile aliiruka.

"Nena, Bwana Jeilani," alisema. "Twakusikiza."

"Nilipokufa," alianza, na hakuna aliyecheka, "punda wangu walikuwa wanne, uwani, mlango umefungwa, ufunguo kwenye msumari. Dawud kakimbia. Punda hufa kwa kiu kama mtu. Niliporudi nimewakuta wazima, pipa limejaa, mavi yamefagiliwa. Nimeuliza mji mzima, kila mtu anamsonda kidole mwenziwe. Lakini mimi nimefuata nyayo za punda tangu utotoni, nyayo za mtu zitanishinda? Kwenye tope la pale penye pipa palikuwa na unyayo mmoja mzima na mmoja umeburuzwa. Kwenye mkono wa ndoo palikuwa na uzi mweupe umenasa. Uzi wa kofia." Akakohoa tena, na safari hii kikohozi hakikuwa cha ukali. "Siku kumi. Kutoka kisimani mpaka kwangu, na goti lile. Kwa punda wa mtu ambaye hakuwa na hata jirani mmoja wa kumnenea jema. Nilimuuliza, akanambia niwaulize punda. Nikaona hataki. Nikanyamaza miaka mitatu. Uzi ninao, huu hapa."

Mkono wa Bwana Jeilani, mweusi, mgumu, uliingia kando ya pazia. Kwenye kiganja mlikuwa na kipande cha uzi mweupe kilichofungwa fundo, kimechafuka kwa kukaa mfukoni.

Razan aliuchukua. Aliukumbuka upindo uliolowa. Kunyoosha goti, alisema! Alicheka kwa sauti katikati ya msiba, akalia hapo hapo, na wanawake wakalia naye, Cherotich akimshika mabega. Miaka yote mama yake alimfundisha mizani na vina na yeye akasema hana kipaji, hana subira, ana kazi ya shule. Sasa mistari ilikuja kana kwamba mtu anamsomea sikioni.

Radhiya mwenye sindano,
kwa ndoo na kwa mkono,
asonena hata neno,
mpe mayi ya jinani.

"Amin," walisema wanawake. "Amin!" alisema Bwana Jeilani dakani, kwa sauti kubwa kuliko wote, na punda wake akashtuka.

Watu walipoanza kutawanyika Razan alitoka nje. Bwana Jeilani alikuwa anamfunga punda mzigo ambao haukuhitaji kufungwa. Hakugeuka.

"Mama yako alikuwa na kitu changu," alisema. "Kitaluni. Sasa kimekwenda naye?"

Razan aliutazama ule mgongo uliopinda, shati lililofifia, mikono iliyojifanya ina kazi. Akaona jambo ambalo mama yake lazima aliliona zamani, kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa.

"Hakikwenda, Bwana Jeilani," alisema. "Ninacho mimi. Mistari yote minne, na shahidi wako, mwalimu, yumo ndani anaosha vikombe."

Bwana Jeilani aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepatana bei.

"Lakini funga mlango wa bustani," Razan akaongeza. "Mbuzi wasiingie."

Bwana Jeilani alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Razan azaliwe, alimwambia masalkheri, akamvuta punda wake akaenda zake.